Uchambuzi wa kisa: hifadhidata iliyokubali kila herufi

Majina, aina ya taasisi na kila kinachoweza kuitambulisha vimeondolewa. Mfuatano wa matukio, amri zilizoandikwa na ujumbe wa makosa vimebaki kama vilivyokuwa. Mimi niliitwa mwezi wa tisa tangu mfumo usimikwe, mambo yalipokuwa yamekwisha kuharibika, kwa hiyo sehemu ya mwanzo nimeijenga kutokana na historia ya amri iliyobaki kwenye seva na mazungumzo marefu na fundi aliyeisimika.

## Hali ilivyokuwa

Taasisi ilikuwa na rejista ya wanachama, rekodi zaidi ya laki moja, iliyotunzwa miaka mingi ndani ya programu ya mezani ya Windows. Iliamuliwa rejista ihamie kwenye PostgreSQL, programu ya hifadhidata, katika seva moja yenye Debian 12, mfumo wa aina ya Linux, na tovuti mpya ijengwe juu yake. Toleo lililochukuliwa ni la 15, lile linalokuja na Debian 12 yenyewe. Mpaka hapo hakuna la kulaumu.

Programu ya zamani haikustaafishwa. Watu wa dawati la mapokezi waliizoea, nayo ikaunganishwa na seva mpya kwa ODBC, njia ya kawaida ya programu kuzungumza na hifadhidata. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza data iliandikwa na mikono miwili: tovuti iliyoandika kwa UTF-8, na programu ya mezani iliyoandika kwa Windows-1252, usimbaji (namna ya kugeuza herufi kuwa baiti) wa zamani ambao kila herufi ni baiti moja.

Kwa herufi za kawaida, a mpaka z, usimbaji hizi mbili zinafanana baiti kwa baiti. Zinaachana kwenye herufi za pembeni. Herufi é ni baiti moja, E9 kwa hesabu ya heksadesimali (kama baiti zote nitakazozitaja), katika Windows-1252, na baiti mbili, C3 A9, katika UTF-8. Ritifaa iliyopinda, ile ambayo programu za kuandikia hupenda kuiweka zenyewe badala ya ile iliyonyooka, ni 92 upande mmoja na E2 80 99 upande wa pili. Kwa anayeandika Kiswahili ritifaa si pambo: bila hiyo, *ng'oa* inageuka *ngoa*, ambalo ni neno jingine kabisa.

Hifadhidata iliyosimikwa vizuri haisumbuliwi na jambo hili. Kila programu inajitambulisha kwa usimbaji wake, seva inatafsiri wakati wa kupokea na wakati wa kutoa, na ndani kunabaki namna moja tu ya kuandika. Hapa seva haikutafsiri chochote.

## Jioni ya kusimika

Fundi alikuwa mtu wa mitandao, mzuri katika kazi yake, ila hifadhidata hakuwa amezizoea. Alipewa jioni moja. Alikumbana na vikwazo vinne, na ukiitazama historia ya amri zake unaona kila kimoja kilichukua muda gani.

Cha kwanza. Aliingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuingia kwa mbali, kutoka kompyuta yake, na SSH ikabeba mipangilio ya lugha ya kompyuta hiyo, yaani lokali, mpaka kwenye seva. Seva ilikuwa ya sura nyembamba, haina lokali hiyo. Alipoandika `apt install postgresql`, vifurushi viliingia, lakini klasta ya kwanza haikuundwa:

```
Error: The locale requested by the environment is invalid
```

(Klasta, kwa lugha ya PostgreSQL, ni saraka moja ya data pamoja na seva inayoiendesha. Si kundi la mashine.) Ujumbe huo ulipita katikati ya mistari mingine mingi ya onyo kutoka Perl, lugha ambayo vifaa hivyo vimeandikwa kwayo, kuhusu lokali hiyohiyo. Hakuuona. Alipoandika `systemctl status postgresql` alijibiwa `active (exited)`, kwa rangi ya kijani, na hapo akapoteza karibu saa mbili. Kwenye Debian, huduma inayoitwa `postgresql` ni ganda tu. Kazi yake ni kuziamsha huduma za klasta zilizopo, kila moja na jina lake, kama `postgresql@15-main`. Ikikuta hakuna klasta hata moja, inamaliza salama na kuripoti kwamba mambo ni mazuri. Wakati huohuo `psql`, programu ya kuandikia amri za PostgreSQL, ilikuwa ikimwambia soketi, yaani mlango wa kuifikia seva, haipo. Amri ya kuuliza ilikuwa `pg_lsclusters`, ambayo ingemwonyesha orodha tupu.

Hatimaye alitafuta suluhisho la yale maonyo ya Perl, akapata ushauri ambao kila mmoja wetu amewahi kuufuata, nami nikiwemo:

```
export LC_ALL=C
pg_createcluster 15 main --start
```

Maonyo yakanyamaza. Klasta ikaundwa, ikawaka. Na katika maandishi yaliyopita kwenye skrini kulikuwa na mstari huu, ambao ndio kisa chote:

```
The default database encoding has accordingly been set to "SQL_ASCII".
```

Jina hilo linadanganya. Mtu hudhani hifadhidata ya SQL_ASCII itakataa kisicho ASCII, yaani kisicho miongoni mwa herufi za kawaida, nambari 0 mpaka 127. Kinyume chake: ni tamko kwamba seva haijui na haitaki kujua baiti zilizo juu ya 127 (7F kwa heksadesimali) zina maana gani. Inazipokea, inazihifadhi, haizitafsiri.

Cha pili. Tovuti ilikataliwa kuingia kwa ujumbe `Peer authentication failed`. Njia ya `peer` hulinganisha jina la mtumiaji wa mfumo na jina la mtumiaji wa hifadhidata, na hayo mawili hayakufanana. Ingetosha kuiunganisha tovuti kupitia 127.0.0.1 kwa nenosiri, kwani mstari wa kuruhusu hilo tayari upo katika `pg_hba.conf` ya Debian. Yeye alibadilisha `peer` ikawa `trust`, yaani kumkubali yeyote bila kumuuliza nenosiri. Dakika nne.

Cha tatu. Programu ya mezani ilisema `authentication method 10 not supported`. Draiva ya ODBC ilikuwa ya zamani kuliko SCRAM, njia ya kuthibitisha nenosiri iliyoingia PostgreSQL 10 na kuwa ya kawaida tangu toleo la 14. Dawa ilikuwa draiva mpya. Alichofanya ni kuweka `listen_addresses = '*'` na kuupa mtandao mzima wa ofisi `trust`.

Cha nne. Tovuti ilishindwa kuunda majedwali: `permission denied for schema public`. Hadi toleo la 14 kila mtumiaji aliweza kuunda vitu katika skima (fungu la majedwali) ya `public`; toleo la 15 liliiondoa ruhusa hiyo, na maelekezo mengi yaliyoandikwa kabla yake hayalijui jambo hili. Badala ya kumfanya mtumiaji wa tovuti awe mmiliki wa hifadhidata yake, alimpa cheo cha mtumiaji mkuu. Dakika mbili.

Usiku wa manane kila kitu kilifanya kazi. Naandika hivyo bila kejeli: kazi aliyopewa ilikuwa kuwasha mfumo, na mfumo uliwaka.

## Miezi minane

Dalili zilianza mapema, ila kila moja ilikuwa na maelezo yake madogo. Majina yaliyoanza na É yalijipanga mwisho wa orodha, baada ya Z. Watu wakasema ndivyo kompyuta zilivyo. Kutafuta jina bila kujali herufi kubwa na ndogo kulishindwa kwa majina machache tu. Mara mojamoja jina fupi lilikataliwa kwa kuwa refu kupita nafasi yake, kwa sababu seva ilihesabu baiti, na ritifaa moja iliyopinda ikahesabiwa tatu.

Kisha kurasa zikaanza kufa. Tovuti ilikuwa imejitambulisha kwa UTF-8, na katika hali hiyo PostgreSQL hukagua inachokitoa hata kama hifadhidata yenyewe ni SQL_ASCII. Ikikutana na baiti 92 iliyoandikwa na dawati, inakataa kutoa matokeo: `invalid byte sequence for encoding "UTF8": 0x92`. Jina moja lenye ritifaa lilitosha kuzima ukurasa wenye majina hamsini. Msimamizi wa tovuti alimtafuta mwenye jina, akalifuta na kuliandika upya kupitia tovuti, na ukurasa ukafufuka.

Upande wa pili wa jengo, dawati la mapokezi liliona jina hilohilo limegeuka. Baiti tatu za UTF-8 zikisomwa kwa Windows-1252 huonekana `â€™`. Mhudumu, kwa bidii yake, alirekebisha. Akarudisha baiti 92. Ukurasa ukafa tena.

Hili liliendelea kwa miezi. Watu wawili wenye nia njema, ambao hawakuwahi kukaa meza moja, walikuwa wakirekebishana makosa yasiyo makosa. Nilipowaketisha pamoja walicheka, halafu mmoja wao akanyamaza. Alikuwa amekwisha kuandikiwa barua kwa uzembe.

Kilicholeta mshtuko wa kweli ni jaribio la kuweka nakala ya mfumo kwenye mashine nyingine kwa ajili ya majaribio. Nakala rudufu ilikuwa ikichukuliwa kila usiku kwa `pg_dump`, bila kosa hata moja kwenye kumbukumbu. Mashine mpya ilikuwa imesimikwa kwa UTF-8. Nakala ikagoma kuingia kwenye mstari wa mia kadhaa wa jedwali la kwanza. Wakajaribu ya wiki iliyopita, ya mwezi uliopita, ya miezi sita nyuma. Zote zilikuwa nzima, na zote zingeweza kurejeshwa mahali pamoja tu: ndani ya hifadhidata nyingine iliyoharibika kwa namna ileile.

## Tuliyoamua, na kwa nini

Usimbaji wa hifadhidata haubadilishwi ikishaundwa. `ALTER DATABASE` haina kifungu hicho. Njia ni kuunda nyingine na kuhamisha data, na swali likawa data itapitaje.

Wazo la kwanza, kabla sijafika, lilikuwa kufungua faili la nakala na kubadilisha mstari wa juu kutoka `SET client_encoding = 'SQL_ASCII'` kuwa `'WIN1252'`, seva ijitafsirie yenyewe. Sehemu kubwa iliingia bila malalamiko, na hilo ndilo lililokuwa baya: yale yaliyoandikwa na tovuti, ambayo tayari yalikuwa UTF-8 safi, yalitafsiriwa mara ya pili na kugeuka `â€™` ya kudumu. Aliyeokoa hali ni alama ya kufunga mnukuu. Baiti yake ya mwisho katika UTF-8 ni 9D, nambari ambayo Windows-1252 haina herufi yake, na seva ikagoma hapo. Bila kugoma huko wangeendelea na kuitupa hifadhidata ya zamani.

Tukaweka kanuni tatu. Klasta ya zamani haiguswi; mpya inaundwa pembeni yake, kwenye poti 5433, jambo ambalo vifaa vya Debian hulifanya kwa urahisi. Hakuna tafsiri ya jumla. Na kila kinachobadilishwa kinaandikwa kwenye faili, cha zamani na kipya, ili kiweze kukaguliwa na mtu anayewajua wanachama.

Kipimo chenyewe ni rahisi kuliko kinavyosikika. UTF-8 ina kanuni kali: baiti inayoanzisha herufi ya pembeni lazima ifuatwe na baiti kati ya 80 na BF. Maandishi halisi ya Windows-1252 karibu hayawezi kuitimiza kanuni hiyo kwa bahati, kwa sababu baada ya é kwa kawaida inafuata herufi ya kawaida au nafasi. Kwa hiyo: jaribu kuisoma thamani kama UTF-8 bila huruma, ikikubali, iache, ikikataa, isome kama Windows-1252.

Tulibishana juu ya ukubwa wa kipande cha kupima. Mwenzangu alitaka mstari mzima wa nakala, kwa sababu ni skripti ya mistari michache. Nilikataa, na hapa nadhani ndipo tulipookoa muda mwingi kuliko popote. Rekodi moja ilikuwa na jina lililoandikwa na dawati na anwani iliyosahihishwa na mwanachama mwenyewe kwenye tovuti. Ukiupima mstari mzima unakataa, ukiutafsiri wote unaiharibu anwani. Tulipima safu moja moja, tukigawanya mistari kwa alama ya tabo ambayo `COPY`, amri ya kupakia na kutoa data, huitumia, na alama hiyo haiwezi kuwa kipande cha herufi ya UTF-8.

Zilibaki thamani chache zilizochanganyika ndani kwa ndani, karibu zote katika safu ya maelezo, ambamo kila mtu huongeza sentensi yake chini ya ya mwenzake. Hizo tulizifanya kwa mkono.

Klasta mpya iliundwa kwa kutamka kila kitu wazi, bila kuyaachia mazingira ya terminali yaamue:

```
pg_createcluster --locale=C.UTF-8 --encoding=UTF8 15 rejista -- --data-checksums
```

Kwa nini `C.UTF-8` na si lokali ya lugha fulani? Kwa sababu mpangilio wa alfabeti wa lugha hutoka kwenye maktaba ya mfumo, na maktaba hubadilika. glibc 2.28, toleo la mwaka 2018 la maktaba hiyo kwenye Linux, ilibadilisha mpangilio wa lugha nyingi kwa mpigo, na waliopandisha mfumo bila kujenga upya faharasa zao za maandishi walibaki na faharasa zisizopata rekodi zilizopo. `C.UTF-8` hupanga kwa nambari ya herufi, jambo lisilopendeza macho lakini tulivu, na tofauti na `C` tupu inajua kwamba É ni herufi kubwa ya é. Palipohitajika orodha ya kusomwa na watu tuliongeza `COLLATE "und-x-icu"`, mpangilio wa jumla usiofungwa na lugha moja, kwenye swali lenyewe.

Vile vikwazo vitatu vingine vilichukua siku moja. Mmiliki wa majedwali akatenganishwa na mtumiaji wa tovuti, draiva za dawati zikapandishwa, `trust` ikaondoka na mahali pake pakaingia `scram-sha-256` juu ya `hostssl`, yaani nenosiri kupitia miunganisho iliyofichwa kwa SSL tu. Kabla ya hapo nilimwonyesha mkuu wa idara jinsi kompyuta yoyote ya ofisini ilivyoweza kuingia kama `postgres` bila nenosiri. Mtumiaji mkuu wa PostgreSQL anaweza kuendesha amri za mfumo kupitia `COPY ... FROM PROGRAM`, hivyo mlango ule haukuishia kwenye rejista, ulikuwa mlango wa seva nzima. Hatukukuta dalili kwamba kuna aliyeutumia.

Kwa programu ya mezani, ambayo ilibaki na usimbaji wake wa zamani, ilitosha kutamka kwa niaba yake:

```
ALTER ROLE dawati SET client_encoding = 'WIN1252';
```

Mstari mmoja, na tangu hapo seva ikawa inatafsiri kati ya dawati na tovuti.

## Usiku wa kuhama

Tulifanya mazoezi mara mbili kwa nakala ya zamani. Zoezi la kwanza lilikwenda vizuri mno, na baadaye tukagundua sababu: tulilisha faili kwa `psql` bila `ON_ERROR_STOP`, ikapita juu ya makosa na kuendelea. Data yote iliingia, ila sharti la upekee katika jedwali la wanachama halikuwepo. Kuliunda kulishindikana, ujumbe ukapita, hakuna aliyesoma.

Lilishindikana kwa sababu ya jambo ambalo hatukulitarajia, ingawa ukilifikiri lilikuwa lazima liwepo. Jedwali lilizuia watu wawili wenye jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa. Lakini jina lililoandikwa na dawati na jina hilohilo lililoandikwa na tovuti yalikuwa baiti tofauti, kwa hiyo mbele ya seva walikuwa watu wawili. Wanachama walioandikishwa dawatini, kisha wakajisajili wenyewe kwenye tovuti, walikuwa na rekodi mbili kwa miezi. Tulipoyasawazisha maandishi, mapacha wakagongana.

Hakuna skripti ya kuamua ipi ibaki. Moja ina malipo, nyingine ina simu mpya. Kwa zoezi la pili tulitengeneza orodha ya mapacha, watu wa dawati wakaipitia na kuamua kwa kila jozi. Usiku wa kuhama wenyewe, nakala ilikuwa na wiki moja zaidi ya zoezi, na katika wiki hiyo mapacha wapya walikuwa wamezaliwa. Tulipanga saa tatu. Saa ya nne tulikuwa tunampigia simu mtu wa dawati nyumbani kwake, na tulimaliza alfajiri.

Ukaguzi ulikuwa wa ngazi mbili. Kwanza idadi ya safumlalo kwa kila jedwali, zamani na mpya, tofauti ikiwa ni mapacha waliounganishwa tu. Pili, rekodi zote zisizo na herufi ya pembeni zilipaswa kufanana baiti kwa baiti, na hilo tulilithibitisha kwa kulinganisha alama za hashi. Zilizobaki zilikuwa chache kiasi cha kusomwa na macho ya binadamu. Mwisho tukachukua nakala rudufu ya hifadhidata mpya na kuirejesha kwenye mashine nyingine, tupu, kabla ya kuwafungulia watu.

## Matokeo

Kurasa hazikufa tena. Dawati na tovuti vinaona jina lilelile. Mfumo ulisimama usiku mmoja, saa tatu zaidi ya tulivyotangaza. Klasta ya zamani ilizimwa lakini ikahifadhiwa miezi miwili, na iliwahi kufunguliwa mara moja, kwa jina ambalo skripti ililitafsiri sawa lakini mwenyewe alisema halikuwahi kuandikwa vile.

## Uchambuzi

Mtu akisomewa vile vikwazo vinne huogopa `trust` na mtumiaji mkuu, na ni kweli hivyo ndivyo vingeweza kuleta janga la usiku mmoja. Lakini angalia gharama ya kuvirudisha nyuma. `pg_hba.conf` hubadilishwa na kusomwa upya bila hata kuzima seva. Cheo cha mtumiaji mkuu huondolewa kwa sentensi moja. Lokali, iliyoonekana kuwa kero ya maandishi tu, ndiyo iliyochukua wiki tano na watu wanne. Ningekuwa na nafasi ya kusimama nyuma ya fundi jioni ile, nisingemsumbua kuhusu manenosiri kwanza. Ningemwomba aandike `SHOW server_encoding;` kabla ya kuunda jedwali lolote, wakati kosa bado lingefutika kwa `pg_dropcluster` na dakika tatu. Usimbaji huamuliwa klasta ikiwa tupu. Kumbukumbu ya RAM, poti, ruhusa na idadi ya miunganisho hungoja.

Simlaumu fundi kwa ushauri wa `LC_ALL=C`. Kwa kunyamazisha Perl ni ushauri sahihi. Shida ni kwamba alama hiyohiyo ilisomwa na vitu viwili: Perl ikaielewa kama "usipige kelele", na `pg_createcluster` ikaielewa kama uamuzi wa kudumu kuhusu lugha ya hifadhidata. Namlaumu kidogo kwa mwenendo wa jioni nzima, ambamo kila ujumbe wa kosa ulipimwa kwa jambo moja tu, kama umeondoka. `peer` ilikuwa inauliza huyu ni nani. Skima ilikuwa inauliza mwenye nyumba ni nani. Lokali ilikuwa inauliza mnaandika kwa lugha gani. Maswali matatu halali, na kila moja lilijibiwa kwa "yeyote, vyovyote".

Lawama kubwa zaidi naiweka kwenye mgawanyo wa kazi. Jioni moja, mtu mmoja, hakuna wa pili wa kusoma alichofanya, na kipimo cha kumaliza kilikuwa ukurasa kufunguka. Pia nakala za miezi minane hazikurejeshwa hata mara moja mpaka siku ya jaribio lile. Zingerejeshwa mwezi wa kwanza kwenye mashine iliyosimikwa na mtu mwingine, tatizo lingekamatwa likiwa na majina kumi.

Kwa upande wetu, kupima safu moja moja na kuiacha klasta ya zamani bila kuigusa kulilipa. Makadirio ya muda hayakulipa, na kosa lilikuwa letu: tulijua mapacha wanazaliwa kila wiki, tukafanya hesabu kama hawazaliwi. Tungeweza pia kuziba chanzo siku ya kwanza, kwa kuifanya tovuti isiruhusu usajili mpya wa jina linalokaribiana na lililopo, hata kabla ya kuhama. Hatukuwaza. Na tulichelewa kuongea na dawati. Mhudumu yule wa `â€™` alikuwa na daftari aliloandika kila jina alilolisahihisha, na tarehe. Tulilipata wiki ya nne, baada ya kuumba upya kwa skripti nusu ya kilichokuwa humo.

Kuna kitu kimoja hatukukiokoa. Kabla ya yote haya, wakati wa kuhamisha rejista kutoka mafaili ya zamani, kuna herufi ambazo programu ya mezani haikuzifahamu, nayo ikaweka `?` mahali pake. Hiyo ni alama ya kuuliza ya kweli, baiti 3F, ASCII halali katika kila usimbaji. Hakuna kipimo kinachoikamata, na klasta ya zamani nayo inayo hiyohiyo. Orodha ya majina hayo imebandikwa dawatini, na mwanachama akifika anaombwa aliandike jina lake mwenyewe.